Leven: Meli ya Mizinga 20 Iliyotushinda kwa Kamba

Wasee, leo nianze na swali dogo. Ukitoka uwanja wa ndege wa Moi kule Mombasa, ama ukipita barabara ya Dongo Kundu ukielekea Kusini, yale maji unayoyaona yanaitwa Port Reitz. Kuna hospitali ya Port Reitz. Kuna mtaa wa Port Reitz. Makanga wanaita "Port Reitz! Port Reitz!" kutoka asubuhi hadi usiku. Sasa niambie, Reitz ni nani?

Mimi nimekulia ng'ambo ya maji hayo, Mtongwe, na mpaka nikafika miaka 21 sikuwa najua. Nilidhani ni neno la Kijerumani, ama jina la kampuni fulani ya zamani iliyofilisika. Kumbe Reitz alikuwa luteni wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Alikaa Mombasa muda usiofika miezi minne, akashikwa na homa, akafa. Miezi minne! Kuna koo zimekaa hapa karne tano na hazina hata kichochoro chenye jina lao.

Ukimfuata Reitz nyuma nyuma, unafika kwenye meli. Meli hiyo inaitwa Leven. Ukitembea Mji wa Kale utaona nyumba inaitwa Leven House, na karibu nayo kuna ngazi za kushuka majini, Leven Steps. Watalii hupiga picha pale, mimi mwenyewe nimeshapiga, bila kujua jina limetoka wapi. Basi leo nataka niwape maisha ya hiyo meli, kutoka ilipozaliwa hadi ilipovunjwa. Ilikuwa meli ya vita, ilibeba mizinga, lakini kazi iliyoiweka kwenye ramani yetu ilifanywa kwa kamba.

Kuzaliwa

Leven ilishushwa majini Uingereza mwaka 1813. Wakati huo Waingereza walikuwa kwenye vita na Napoleon wa Ufaransa, na vita vingine na Marekani pembeni. Walihitaji meli kama vile sisi tunavyohitaji bando: nyingi, haraka, na zisiwe ghali sana. Kwa hiyo wakajenga kundi zima la meli ndogo za aina moja, na nyingi zikapewa majina ya mito ya kwao. Leven ni jina la mto. Yaani ile nyumba ya Mji wa Kale ina jina la mto wa Uingereza ambao mwenye nyumba hakuwahi kuuona.

Nikisema ndogo, namaanisha hivi. Urefu wake ulikuwa kama mita 35, sawa na mabasi matatu ya shule yaliyopangwa foleni. Upana mita 9 hivi. Milingoti mitatu. Mizinga 20, ile mifupi minene ya kupigana kwa karibu, kila mmoja ukirusha tufe la chuma la kilo 14 na ushee. Na ndani ya hayo mabasi matatu, weka watu kama 135. Walilala kwenye vitanda vya kamba vilivyoning'inia bega kwa bega. Choo kilikuwa omoni, kule mbele kabisa, wazi, wimbi likija linakusafisha. Sasa fanya hivyo miaka minne.

Mwili wake ulikuwa mbao. Meli ya ukubwa ule ilikula mamia ya miti ya mialoni. Kila upenyo kati ya ubao na ubao ulizibwa kwa kalafati: nyuzi za kamba kuukuu zinapigwa kwa nyundo, halafu zinamwagiwa lami. Sehemu iliyozama majini ilifunikwa kwa mabamba ya shaba, kwa sababu kwenye bahari za joto kuna kiumbe kama mnyoo anayetoboa mbao mpaka ubao unabaki kama sega la nyuki. Wenye majahazi wetu walimjua adui huyo zamani sana. Wao hawakuwa na shaba ya kupoteza, walipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, wakirudia kila msimu. Tatizo lilikuwa moja, mifuko ndiyo ilikuwa tofauti.

Kukosa kazi

Mwaka 1815 Napoleon akashindwa kabisa. Vita vikaisha. Na hapa ndipo maisha ya Leven yanapoanza kuvutia, kwa sababu meli ya vita wakati wa amani ni kama bodaboda wakati wa mvua kubwa: ipo, lakini haina shughuli. Mabaharia zaidi ya laki moja waliachishwa kazi. Maofisa wakapewa nusu mshahara, wakaambiwa wakae nyumbani wangoje. Meli nyingi zikafungwa bandarini zikaanza kuoza.

Leven ikabahatika. Ikapewa kazi ambayo haikujengewa: kupima bahari. Kwanza ikapelekwa upande wa Afrika Magharibi na visiwa vya karibu, chini ya nahodha anayeitwa David Bartholomew. Bartholomew akafa kazini mwaka 1821. Mahali pake akachukua William Fitzwilliam Owen, na mwaka 1822 Leven ikatoka Uingereza pamoja na meli ndogo zaidi, Barracouta, na agizo la kupima pwani ya Afrika Mashariki.

Sasa mtu anaweza kuniuliza, kwani pwani yetu ilikuwa haijulikani? Hapo ndipo lazima tuelewane. Ilijulikana vizuri sana. Nahodha Mwarabu Ahmad ibn Majid alikuwa ameandika mashairi ya kuelekeza vyombo kwenye pwani hii karne ya 15. Marubani wa Lamu, wa Pate, wa Mombasa na Wabajuni walikuwa wakipitisha majahazi kwenye milango ya miamba kila siku, wengine hata usiku wa giza, bila karatasi. Waingereza ndio hawakuijua, na waliitaka kwa namna ambayo nahodha asiyewahi kufika angeweza kuinunua dukani London na kuisoma. Tunaambiwa watu kama Owen walikuja "kugundua". Mimi naona walikuja kunakili.

Kamba

Jinsi kazi ilivyofanyika ni hivi. Meli yenyewe inakaa nje, salama. Mashua zinashushwa na kupigwa makasia kuingia mlangoni. Mtu mmoja anasimama mbele akiwa na kamba ndefu yenye kipande kizito cha risasi mwishoni. Mabaharia wa Kiswahili wanakiita bildi. Anaitupa, inagusa chini, anasoma alama iliyo kwenye kamba, anaita kina kwa sauti. Mwenzake anaandika. Wanasogea kidogo, wanatupa tena. Chini ya ile risasi walipaka mafuta ya ng'ombe yaliyoganda, ili yaokote kipande cha huko chini: kama ni mchanga, tope au matumbawe. Hilo nalo linaandikwa, kwa sababu nanga hushika kwenye tope, lakini matumbawe hukata kamba. Wakati huo huo ofisa mwingine anapima pembe za jua na za vilima, na saa maalumu inamwambia wako umbali gani kutoka Uingereza.

Fanya hivyo mara elfu moja. Halafu fanya mara elfu nyingine. Hakuna shujaa hapo, hakuna moshi wa baruti. Ni kazi ya kuchosha kama kujaza fomu.

Lakini kuna kitu kimoja nilipokisoma nilisimama. Kina kilihesabiwa kwa kipimo ambacho asili yake ni urefu wa mikono miwili ya mtu iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kwa Kiswahili tunaita pima. Pima moja, pima mbili, pima kumi. Babu yangu, aliyekuwa mvuvi Mtongwe maisha yake yote, alihesabu kwa pima. Alikuwa na mshipi wake, na jiwe. Aliuvuta mshipi kutoka majini akiunyoosha kifuani, mkono huku na mkono kule, akihesabu polepole. Kumbe yeye na wale jamaa wa Leven walikuwa wakipima maji yale yale kwa kipimo kile kile, mwili wa mtu. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mtu wa kuandika.

Homa

Usidhani walifanya haya kirahisi. Mahali pa kwanza pakubwa walipofanyia kazi palikuwa ghuba ya Delagoa, pale mji wa Maputo ulipo leo. Mashua zilipanda mito, watu wakalala kando ya vinamasi, na baada ya wiki chache wakaanza kuanguka. Nahodha wa Barracouta, William Cutfield, akafa huko huko, nafasi yake ikachukuliwa na Alexander Vidal. Safari ilipokwisha mwaka 1826, zaidi ya nusu ya watu waliotoka Uingereza walikuwa wamekufa, wengi wao kwa magonjwa.

Hakuna aliyejua kwamba ni mbu. Hilo lilithibitishwa mwishoni mwa karne, miaka 70 baadaye. Wakati ule walilaumu hewa mbaya ya usiku. Tiba ya madaktari wa meli ilikuwa kumkata mgonjwa mshipa na kumtoa damu. Mtu ana malaria, damu yake yenyewe imekwisha, halafu unampunguzia tena. Owen mwenyewe alikuja kuitilia shaka tiba hiyo, lakini wengi walikuwa wameshazikwa.

Matokeo ya safari yalikuwa ramani mpya kama 300, na pwani iliyopimwa ya zaidi ya kilomita 45,000, ukihesabu kila ghuba, kila kisiwa na kila mdomo wa mto, kutoka huku kwetu hadi Arabuni, Madagaska na upande wa magharibi. Ramani zile zilitumika kwa miongo mingi. Na niseme ukweli, ramani hizo ziliokoa watu. Meli isiyojua mwamba uko wapi huua kila aliyemo ndani, awe Mwingereza, Mhindi au Mswahili. Sisemi kupima bahari ni dhambi. Naomba tu tuangalie nani alibaki na karatasi.

Mombasa, Februari 1824

Sasa tufike nyumbani.

Wakati huo Mombasa ilikuwa chini ya Wamazrui. Zamani babu zao walitumwa kutoka Oman kuwa maliwali, lakini walishaacha kutii na walikuwa wakijitawala. Sayyid Said bin Sultan wa Oman aliitaka Mombasa, na alikuwa na meli za kuifuata. Alishawanyang'anya Wamazrui Pemba, na mwishoni mwa 1823 vyombo vyake vilikuwa vimeizingira Mombasa.

Wamazrui wakafikiri. Hawana meli za kutosha. Lakini Uingereza inazo, na Said anaiogopa Uingereza. Barracouta ilipopita Desemba 1823, wakamwomba Vidal ruhusa ya kupandisha bendera ya Mwingereza. Vidal akakataa, akisema hana mamlaka hayo. Basi Leven ilipotokea tarehe 7 Februari 1824, Owen alichungulia Fort Jesus na kuona nini? Bendera ya Uingereza inapepea juu ya ngome. Wamazrui walikuwa wameishona wenyewe.

Manze, hapo ndipo nilipowapenda hao wazee. Wewe ngoja ruhusa, sisi tumeshashona. Darasani tulifundishwa kwamba wakoloni walikuja na bendera na sisi tukaangalia tu. Hapa ni kinyume: watu wa Mombasa walijua siasa za dunia vizuri kiasi cha kuazima bendera ya mkubwa mmoja ili kumzuia mwingine. Kama wangeweza kujua yatakayofuata, labda wangeishona tofauti.

Owen naye alikuwa na sababu zake. Aliuchukia biashara ya watumwa kwa moyo wake wote, na alishamwambia Said hivyo ana kwa ana huko Muscat. Akaona nafasi. Tarehe 9 Februari mkataba ukawekwa: Uingereza itailinda Mombasa na kuwarudishia Wamazrui maeneo yao, Wamazrui watabaki watawala, ajenti wa Kiingereza atakaa mjini, ushuru wa forodha utagawanywa nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa itakoma hapo Mombasa. Tusijidanganye, Mombasa ya wakati huo ilikuwa na watumwa, na walioiweka sahihi ile walikuwa nao.

Mzinga haukupigwa. Meli za Oman zikaondoka. Meli ndogo ya mabasi matatu, yenye mizinga 20 na wagonjwa tele, ilikuwa imemaliza kuzingirwa kwa mji kwa kuonekana tu. Halafu Owen, ambaye hakutumwa na serikali yake kuchukua mji wowote, akatweka tanga akaenda zake kupima pwani nyingine. Akamwacha Reitz.

Vijana wachache walioachiwa mji

Luteni John James Reitz akaachwa Mombasa na watu wachache. Mwanafunzi wa uofisa anaitwa George Phillips, na wengine wachache. Hao ndio walikuwa dola ya Uingereza mjini, watu wa kutosha kwenye teksi moja.

Reitz alikuwa mtu wa bidii. Akataka kuona nchi anayoisimamia, akasafiri kuelekea Pangani wakati mvua za masika zimeanza. Mwenye kuijua pwani angemwambia atulie. Akashikwa na homa, na Mei 1824 akafa. Phillips, ambaye bado alikuwa anajifunza uofisa, akabaki akisimamia mji wa karne nyingi mpaka Agosti, alipokuja Luteni James Emery. Emery alikaa hadi 1826.

Huko nyuma karatasi zilikuwa zikisafiri. Said alilalamika kwa Waingereza, na Waingereza walikuwa wanamhitaji kwa sababu ya njia ya India. Serikali ikapima: rafiki mwenye Muscat na Zanzibar, ama ahadi ya nahodha mmoja kwa mji mmoja? Ukijua siasa unajua jibu. Ahadi ya Owen ikakanwa. Julai 1826 Emery akaondoka, na bendera ikashuka.

Said hakukawia. Januari 1828 alikuja mwenyewe, na meli yake kubwa iliyojengwa Bombay, Liverpool, ya mizinga 74. Safari hii mizinga ilipigwa. Mwaka 1837 Mombasa ikawa yake kabisa, na wakubwa wa Wamazrui wakakamatwa na kupelekwa mbali, Bandar Abbas, huko Uajemi.

Yaani ahadi ilidumu miaka miwili. Lakini angalia kilichobaki. Mkataba ulichanwa, ramani haikuchanwa. Vina vya maji ya Mombasa, milango ya miamba, mahali pa kutia nanga, vyote vilikuwa kwenye karatasi London. Waingereza waliporudi na kutangaza himaya yao hapa mwaka 1895, hakukuwa na haja ya kuuliza mlango uko wapi. Ulikuwa umechorwa miaka 70 kabla, na mkono mmoja wa maji ulikuwa umeshaandikwa jina la kijana aliyekufa kwa homa.

Hapo ndipo nasema Leven ilitushinda kwa kamba. Said na mizinga 74 alipata mji, akaja akaupoteza. Mwenye bildi na kalamu alipata majina, na majina bado anayo.

Kuzeeka

Na meli yenyewe? Ilirudi Uingereza mwaka 1826, imechoka. Kwa meli za mbao uzee ulikuja na utaratibu wake. Kwanza wanatoa mizinga. Halafu milingoti. Kinachobaki ni kiwiliwili kinachoelea, kimefungwa bandarini, watu wanakitumia kama nyumba ama bohari. Haisafiri tena, inapanda na kushuka tu na maji ya kujaa na kupwa. Leven iliishia hivyo, na mwaka 1848 ikavunjwa. Miaka 35. Hakuna aliyeiweka makumbusho. Kule Portsmouth wameitunza Victory, meli ya Nelson, kwa sababu ile ilipigana vita maarufu. Iliyopima haikupewa heshima hiyo.

Babu alikuwa na methali aliyoipenda: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini ndani, panapokusanyika maji. Zunguka upendavyo, mwisho utarudi pale. Leven ilienda tezi, ikaenda omo, ikazunguka Afrika nzima, ikarudi ngamani. Shaba ikaviringwa, mbao zikaenda zilikokwenda.

Lakini ukiwa Mombasa leo, Leven haijavunjwa. Iko kwenye nyumba, iko kwenye ngazi. Kati ya Unguja na Pemba kuna tuta chini ya bahari linaloitwa Leven, wapiga mbizi wanalijua. Na Reitz anaitwa na makanga kila asubuhi.

Mtu wa kuandika

Sasa niwaambie kwa nini hii stori imenikaa.

Nilipokuwa darasa la sita, babu alinichukua kwenye mashua yake mara kadhaa wakati wa likizo. Tukitoka Mtongwe alikuwa akinitajia majina. Kila jiwe lilikuwa na jina. Kila mkondo, kila mahali maji yanapobadilika rangi. "Hapa mjukuu wangu usipite maji yakitoka," ananiambia, anataja jina. "Pale pana pima sita, chini ni tope, changu wapo," anataja jina. Mengine yalikuwa ya kuchekesha, mengine yalikuwa ya watu waliozama. Alikuwa na ramani nzima kichwani, na bila shaka babu wa babu yake alikuwa nayo Leven ilipotia nanga.

Mimi nilikuwa naangalia simu.

Babu alifariki nikiwa kidato cha tatu. Nilipoanza kusoma habari za Leven nilikaa chini nijaribu kukumbuka yale majina. Nakumbuka sauti yake. Nakumbuka mkono unavyonyosha mshipi. Majina, wasee, sikumbuki hata matatu. Najua jina la luteni aliyekaa hapa miezi minne, na sijui jina la jiwe ambalo babu alilikwepa kwa miaka 50.

Kuna watu husema tubadilishe majina yote ya kikoloni kesho asubuhi. Naelewa hasira hiyo. Lakini nauliza, tubadilishe tuweke nini? Ukifuta Port Reitz na hujui wenyeji waliyaita vipi yale maji, utaweka jina la mwanasiasa, na hapo tutakuwa tumepoteza mara mbili. Kazi ya kwanza si kufuta, ni kuandika. Owen hakuwa na akili kutushinda. Alikuwa na subira ya kutupa kamba mara elfu, na mtu aliyekaa kando na daftari. Bahari haikuuliza anayeandika ni mgeni ama mwenyeji.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilinunua daftari. Nimerudi Mtongwe Jumamosi tatu sasa. Nimekaa na wazee wawili wavuvi, wenzake babu, mmoja haoni vizuri tena lakini ukimtajia mahali anakupa kina kwa pima bila kusita. Nauliza jina, naandika. Nauliza kwa nini linaitwa hivyo, naandika. Mzee wa pili alinicheka siku ya kwanza. "Babu yako alikwambia yote haya, wewe mwana." Nikamwambia ndiyo mzee, aliniambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, andika."

Kama uko Lamu, Kilifi, Shimoni, Vanga, ama hata Kisumu na Mbita kwenye ziwa, kwenu kuna mzee wa namna hii. Hahitaji kamera kubwa. Mpelekee kahawa na kalamu, umuulize lile jiwe linaitwaje, kisha uandike kabla jua halijatua.